SOMO LA MIKOPO: KOMPYUTA MPAKATO NA KIPATO CHA MWANACHAMA



Somo letu la safari hii lahusu kitu ambacho miaka ishirini iliyopita kisingeliandikwa katika kitabu cha mikopo cha chama chochote cha mlimani, nacho ni kompyuta mpakato, yaani ile kompyuta ya kukunja ambayo vijana huiita laptopu. Tunalileta somo hili kwa sababu maalumu. Katika ukaguzi wa fomu za mikopo twakuta fomu zilizoandikwa "pembejeo" au "kuendeleza shamba", na mkaguzi akiuliza kwa upole huambiwa kwamba fedha ilikwenda kununua kompyuta ya mtoto aliyepata nafasi chuoni. Mwanachama hakuwa na nia ya kukiibia chama. Alifahamu tu kwamba kamati ya mikopo huihesabu mbolea kuwa ni maendeleo na kompyuta kuwa ni anasa, akaandika lile litakalopita. Basi mkopo hupangiwa marejesho kana kwamba ni wa shamba, na shamba lenyewe halikupata hata debe la mbolea. Msimu unapofika hakuna mavuno ya ziada, na deni limesimama pale pale.

Yafaa kwanza tuondoe hilo neno la anasa. Mtoto wa Mkuyuni, Kinole au Tegetero anayekwenda Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine au Mzumbe huandika kazi zake kwa kompyuta na kuzipeleka kwa mwalimu kwa njia ya mtandao. Asiye nayo hungoja wenzake walale ndipo aazime. Na vyama vyetu navyo vimekwisha kuingia katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, ulioletwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa hiyo katibu asiyejua kompyuta hawezi tena kusema kwamba daftari lake lamtosha. Ni kweli wapo wanunuao mashine ya bei kubwa kwa ajili ya kupigia muziki harusini. Hao nao wana haki yao, ilimradi waandike hivyo katika fomu.

Swali la kamati, basi, ni hili: fedha ya kulipia itatoka wapi, na itatoka lini? Watu wawili waweza kuwa na kipato sawa kwa mwaka, mmoja akaimudu kompyuta bila taabu na mwingine ikamzamisha, kwa kuwa mmoja hupata fedha yake kidogo kidogo na mwenziwe huipata yote kwa mkupuo.

Tuanze na mwenye mshahara, ambaye hesabu yake ni nyepesi. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Tuseme mtumishi wa kima hicho ataka kompyuta ya shilingi 1,200,000, na chama chake cha akiba na mikopo chatoza riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi juu ya salio, kwa miezi 12. Kila mwezi atarudisha shilingi 100,000 za mkopo wenyewe pamoja na riba ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza atalipa 118,000. Mwezi wa mwisho 101,500. Riba yote itakuwa shilingi 117,000. Sasa achukue mkopo ule ule mahali pengine kwa "asilimia moja na nusu" ile ile, lakini riba ihesabiwe kila mwezi juu ya fedha yote aliyokopa mwanzoni, hata ile aliyokwisha kuirudisha. Atalipa riba ya shilingi 216,000. Tofauti ni shilingi 99,000, na wino wa karatasi zote mbili wasema neno moja. Katibu asimruhusu mwanachama kulinganisha asilimia na asilimia. Amwambie aulize jumla: nitakapomaliza, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi?

Kwa mtumishi huyu ipo pia kanuni ya theluthi, kwamba makato yote yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kwa mshahara wa 500,000 ni lazima abaki na shilingi 166,667 hivi. Wengi wana mkopo wa benki tayari, hivyo kamati iombe kuiona hati ya mshahara ya mwezi uliopita, wala isitosheke na barua ya ajira. Walimu wengi waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Si kosa kumwuliza mwalimu ni kazi gani ambayo kishikwambi chake hakiwezi kuifanya.

Mkulima ndiye anayetutaka tukae naye zaidi. Katika tarafa ya Mkuyuni mwanachama huyo huyo mmoja huwa na migomba, mananasi, machungwa, pilipili manga, mdalasini na mikarafuu. Huyu si mtu asiye na kipato, ila kipato chake kina miguu miwili isiyolingana. Ndizi humpa fedha ndogo karibu kila juma, gari la mjini likipita njia ya Kiroka. Karafuu humpa fedha kubwa mara moja. Tena mkarafuu una tabia yake: ukizaa sana mwaka huu, mara nyingi mwaka unaofuata hupumzika. Kamati inayotoa mkopo mkubwa mara baada ya mavuno mazuri, kwa kuwa mwanachama "ameonekana ana karafuu", huenda inakopesha juu ya mwaka wa kupumzika. Iulize mavuno ya miaka mitatu au minne, yaandikwe, kisha ichukue yale madogo kuwa ndiyo kipimo.

Tuchukue mfano. Mkulima ataka kompyuta iliyokwisha tumika, iliyo katika hali njema, kwa shilingi 600,000, na karafuu zake zatazamiwa baada ya miezi minane. Njia moja ni kungoja hadi mavuno ndipo alipe yote. Kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, atalipa riba ya shilingi 72,000. Njia ya pili ni kutoa kila mwezi, kutokana na ndizi, shilingi 20,000 za mkopo pamoja na riba ya mwezi ule, na karafuu zikifika alipe 440,000 zilizobaki. Riba yote itakuwa 63,600. Msomaji atasema nafuu ya shilingi 8,400 si kitu. Hakika si kitu kikubwa. Faida ya njia ya pili ni kwamba kamati itajua mapema, mwezi wa tatu au wa nne, kama mambo yamekwenda vibaya nyumbani kwa mwanachama, nayo itaweza kukaa naye akiwa bado ana la kusema. Katika njia ya kwanza chama hukaa kimya miezi minane, kisha huanza kumtafuta mtu.

Chama kikikataa, mkulima hukimbilia kwa mchuuzi wa mazao na kuziuza karafuu zingali mtini. Tuseme apewe shilingi 600,000 leo kwa mzigo ambao wakati wa mavuno ungemletea 1,000,000. Amekopa miezi minane kwa gharama ya shilingi 400,000, wala hakuna mtu aliyelitaja neno riba. Pengine hukimbilia ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Mtu akopaye shilingi 500,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, akawa na uwezo wa kulipa riba tu, baada ya miezi sita atakuwa ametoa shilingi 600,000 na bado adaiwa 500,000 zake zote. Kuna na mikopo ya simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliwatangazia wananchi majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mwanachama anayetaka kukopa huko kwanza aulizie leseni.

Juu ya dhamana nina neno moja. Ardhi ya Waluguru kwa mila hupita upande wa mama na ni mali ya ukoo. Mtu aweza kuwa mwenye mikarafuu aliyoipanda bila kuwa na mamlaka ya kuiweka rehani ardhi iliyo chini yake. Kompyuta yenyewe nayo ni dhamana dhaifu, maana thamani yake hushuka tangu siku itolewapo dukani. Dhamana iliyo bora kwa mkopo wa namna hii ni akiba ya mwanachama na wadhamini wanaomjua. Na muda wa mkopo usizidi maisha ya kitu. Kuikopesha mashine iliyotumika kwa miezi 24 ni kumfanya mtu alipie kitu kilichokwisha kufa betri.

Waendesha bodaboda, mama lishe na wachuuzi wa gulioni hupata fedha kila siku na kuitumia kila siku. Kwao mkopo huja baada ya akiba. Upatu wa watu kumi wanaotoa shilingi 50,000 kila mwezi humpa kila mmoja 500,000 kwa zamu, bila riba. Lakini anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake, na anayepokea wa kumi amejiwekea akiba tu bila faida. Vyuo vikuu hufunguliwa kwa kawaida Oktoba au Novemba, hivyo mzazi aombe zamu yake ipangwe kabla ya hapo, asitegemee kura.

Wazazi wengine husema mtoto atajinunulia kwa fedha ya Bodi ya Mikopo. Tuifanye hesabu hiyo kwa haki. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kijana akijinyima shilingi 2,000 kila siku kwa siku 240 atapata 480,000. Ataweza kununua mashine iliyotumika, ila ataipata mwaka wa kwanza ukiwa umekwisha, na kodi ya chumba haikumngoja.

Ipo njia ambayo vyama vyetu havijaijaribu vya kutosha: kununua kwa pamoja. Wanachama kumi na watano wanaohitaji kompyuta wakiagiza kupitia chama, chama hupata bei ya jumla, hudai risiti na dhamana ya muuzaji, humtuma mtu anayejua kuzikagua, kisha mkopo hulipwa moja kwa moja dukani, hautiwi mkononi. Ndiyo kazi ya asili ya ushirika. Waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844, walikusanya mtaji kwa peni mbili au tatu kwa juma ili wapate unga, siagi na sukari kwa bei ya haki. Wao, ikumbukwe, waliuza kwa fedha taslimu tu na kukataa kukopesha, kwa kuwa waliona maduka ya kabla yao yalivyokufa kwa madeni. Sisi tunakopesha, kwa hiyo hatuna budi kuwa waangalifu kuliko wao.

Kamati za mikopo zifanye zoezi hili katika kikao kijacho. Mwanachama ana akiba ya shilingi 300,000, na masharti ya chama yaruhusu kukopa mara tatu ya akiba. Ataka kompyuta ya 900,000 kwa miezi 10, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi juu ya salio. Riba yote ni kiasi gani? Kama ni muuza ndizi mwenye mikarafuu iliyozaa sana mwaka jana, mtampangia marejesho ya namna gani? Na katika fomu zenu za mwaka huu, ni ngapi zilizoandikwa "pembejeo" ambazo kamati haikwenda kuliona shamba? Jibu la swali la kwanza ni shilingi 74,250. Majibu ya maswali mengine yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, nayo yatasomwa wakati wa ukaguzi.