Kiongozi Wako wa Kijiji: Yapi Uyajue, Yapi Umwachie

Katika vijiji vya kata ya Kabungu, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, kama ilivyo katika vijiji vingine nchini, wenyeviti wa vijiji na vitongoji walichaguliwa Novemba 27, 2024 kwa kipindi cha miaka mitano. Mwenyekiti wa kijiji ni jirani yetu. Tunakutana naye gulioni, msibani na kwenye foleni ya zahanati. Kwa ujirani huo, wapo wanaoona haya kumuuliza habari za fedha za kijiji, na wapo wanaodhani kura waliyompa imewapa ruhusa ya kuchungulia ndoa yake. Wote wanakosea, na kijiji ndicho kinachoumia.

Kipimo cha kutumia

Jiulize: jambo hili linagusa fedha za umma, mali ya umma au uamuzi alioufanya kwa cheo chake? Likigusa, una haki ya kulijua. Lisipogusa, mwachie mwenyewe. Katiba inalinda pande zote mbili. Ibara ya 18 inampa raia haki ya kutafuta na kupata taarifa. Ibara ya 16 inamlinda kila mtu, kiongozi akiwemo, katika maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake.

Yaliyo ya wananchi wote

*Mapato na matumizi.* Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kusomewa taarifa ya fedha, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Katika wilaya hiihii, vijiji kama Mwese, Katuma na Lugonesi vimo katika biashara ya hewa ukaa inayotokana na kutunza misitu ya milima ya Ntakata, na fedha zilizofika vijijini kwa njia hiyo ni mabilioni ya shilingi. Fedha kama hizo hazilindwi kwa kuaminiana tu.

*Ardhi ya kijiji.* Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Shamba alilorithi mwenyekiti ni lake. Eneo alilogawiwa akiwa madarakani lina maelezo ya kutolewa.

*Mali za diwani.* Chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, diwani, mwakilishi wa kata yenu, naye hupeleka tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na anapoondoka. Tamko hilo halibandikwi ukutani, na kuliona kuna masharti yake. Ukiwa na shaka ya kweli, peleka malalamiko kwa Sekretarieti.

Yaliyo yake

Ugonjwa wake, ndoa yake, watoto wake, ujumbe ulio kwenye simu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazipa ulinzi wa pekee taarifa nyeti, zikiwemo za afya na za watoto. Kupiga picha kadi yake ya kliniki na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp hakumwajibishi kiongozi, kunamdhalilisha tu.

Yaliyo katikati

Mwenyekiti akiugua muda mrefu, kijiji kina haki ya kujua nani anakaimu na hadi lini. Jina la ugonjwa halihusiki. Undugu nao ni jambo la nyumbani, mpaka shemeji yake apewe kazi ya kufyatua matofali ya darasa la kijiji. Hapo undugu huo utajwe kikaoni, na mwenyekiti asishiriki kuamua.

Chukua pia karatasi ya posho, ile yenye jina, kiasi, namba ya simu na sahihi. Wananchi waonyeshwe jina na kiasi. Namba ya simu na sahihi zifunikwe kabla ya karatasi kubandikwa.

Namna ya kuuliza

1. Anzia mkutanoni, kwa heshima na kwa jambo mahususi: "Ndugu mwenyekiti, taarifa inasema tumenunua mabati ya zahanati. Tunaomba kuona stakabadhi."

2. Usipojibiwa, andika barua kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa halmashauri ya wilaya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu raia ndani ya siku 30. Tunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

3. Ukishuku rushwa, pigia simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Usitangaze jina la mtu mtandaoni kabla ya uchunguzi.

Kwa kiongozi: bandika hesabu kabla hujaulizwa. Tetesi nyingi huzaliwa mbele ya ubao mtupu.

Tukiacha kuuliza habari za fedha, tunawafungulia mlango wenye tamaa. Tukianika maisha ya nyumbani ya viongozi, watu waadilifu watakataa kugombea, hasa wanawake, ambao ndoa zao ndizo husemwa kwanza. Kijiji kinahitaji hesabu zilizo wazi, na kinahitaji watu wema watakaokubali kuzisimamia.