Njia ya Matembezi Kando ya Ntahangwa: Ukuta wa Mto Usichimbwe Kitako
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Nyakabiga na mitaa jirani

Kanuni ya Maji ya Burundi, yaani sheria ya tarehe 26 Machi 2012 inayosimamia mito, maziwa na chemchemi za nchi, imetenga kando ya kila mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika ukanda wa ulinzi wenye upana wa mita 25, na kando ya ziwa lenyewe ukanda wa mita 150. Ukanda wa ulinzi ni ardhi inayoachwa wazi ili mto ukijaa uwe na mahali pa kupumulia bila kuingia majumbani. Ntahangwa ni mmoja wa mito hiyo, na Nyakabiga, mtaa wa jiji la Bujumbura, imekaa ukingoni mwake. Sheria hiyo si ngeni tena, lakini malalamiko ya wakazi wa Nyakabiga, Mugoboka na Mutanga kuhusu kingo zinazobomoka, na uvumi unaoenea kila mara serikali inapotaja mita 25, yanaonyesha kwamba wengi hawajaielewa, na kwamba waliosikia habari zake wameamini kuwa ni njama ya kuwanyang'anya watu viwanja. Si njama. Kijitabu hiki kimetayarishwa ili jambo hilo lieleweke pamoja na jingine linalozungumzwa siku hizi kwa matumaini makubwa, nalo ni wazo la kuugeuza ukingo wa mto kuwa njia ya matembezi itakayovuta wageni katikati ya jiji.

Wazo lenyewe ni jema. Mgeni anayefika Bujumbura, jiji lililoanza mwishoni mwa karne ya 19 kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilichoitwa Usumbura, hupelekwa ufukweni mwa ziwa, huonyeshwa kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore juu ya kilima cha Vugizo, kisha hupelekwa kusini hadi Mugere kulitazama jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe ya 25 Novemba 1871. Jiji la kati hulipita ndani ya gari. Tangu soko kuu lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, sababu za kumfanya mtu atembee kwa miguu katikati ya jiji zimepungua, na fukwe nazo zimekuwa zikimezwa na maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka ya karibuni. Mto unaoshuka kutoka milima ya Mirwa, ukapita kando ya Nyakabiga, karibu na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, kisha ukateremka kandokando ya Buyenzi na eneo la viwanda hadi ziwani, ungeweza kuwa na kivuli, viti na taa, na wanafunzi wanaopanga vyumba Nyakabiga wangekuwa wateja wa kwanza kabla hata mgeni wa mbali hajafika.

Hata hivyo, miji iliyofanikiwa katika jambo hili haikuanza na viti. San Antonio, mji wa jimbo la Texas nchini Marekani ambao njia yake ya kando ya mto inajulikana duniani kote, ulipigwa na mafuriko ya Septemba 1921 yaliyoua makumi ya watu, na kwa miaka kadhaa baadaye fedha za mji zilielekezwa kwenye bwawa la kuzuia mafuriko na mfereji wa kuyapitisha maji ya ziada; ngazi, madaraja madogo na vijia vilivyochorwa na msanifu Robert Hugman vilikuja kujengwa kati ya 1939 na 1941, mto ulipokuwa umekwisha kutiwa adabu. Huko Seoul, Korea Kusini, kijito cha Cheonggyecheon kilichofukuliwa chini ya barabara na kufunguliwa mwaka 2005 kwa urefu wa kilomita 5.8 hivi, hufungwa kwa waendao kwa miguu pale mvua kubwa inaponyesha. Maji hutangulia, matembezi hufuata. Anayeahidi matembezi kabla ya kumaliza habari ya maji anawadanganya wakazi, awe mwanasiasa, mfanyabiashara au mkazi mwenzao.

Gabioni ni nini, na huangushwa na nini

Kwa upande wa maji, kazi imefanyika Nyakabiga, na ni haki isemwe wazi kwa kuwa wanaolaumu ni wengi na wanaoshukuru ni wachache. Serikali ya Burundi, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliimarisha sehemu ya kingo za Ntahangwa katika eneo hili ambako nyumba zilikuwa zikitumbukia korongoni moja baada ya nyingine, na mahali palipokuwa na genge tupu la udongo sasa pamesimama kuta za gabioni. Gabioni ni kasha kubwa la waya mnene uliopakwa zinki usishike kutu, uliosukwa kwa matundu ya pembe sita, likajazwa mawe magumu na kufungwa kifuniko. Makasha hayo hupangwa kwa ngazi, la juu likirudi nyuma kidogo kuliko la chini, na nguvu yake haitokani na saruji bali na uzito. Maji yaliyonyonywa na udongo wa nyuma hupenya kati ya mawe na kutoka, kwa hiyo ukuta hausukumwi kutoka nyuma kama ambavyo ungesukumwa ukuta mzima wa zege usio na matundu ya kutolea maji.

Ukuta wa namna hii unaweza kuinama, kuteremka sentimita chache na bado ukasimama. Usichoweza kustahimili ni kuondolewa kitako, yaani ile sehemu ya chini kabisa inayokalia sakafu ya mto, na hapo ndipo penye hatari ambayo kijitabu hiki kitairudia bila kuona haya, kwa sababu imesemwa mara nyingi na imepuuzwa mara nyingi. Mtu anayeshuka mtoni wakati wa kiangazi na sururu, beleshi na karai, akachimba mchanga au kung'oa mawe ya kujengea hata kama yuko hatua kadhaa mbali na ukuta, anaangusha ukuta huo. Hauanguki siku hiyo, jambo ambalo ndilo linalomfanya asiamini.

Kinachotokea ni hiki. Shimo lililochimbwa katika sakafu ya mto huwa na ukingo mkali upande wa juu, yaani upande maji yanakotokea. Mvua ikinyesha milimani na maji yakashuka kwa kasi, hudondoka kwenye ukingo huo na kuula, kisha huula tena hatua moja nyuma, na shimo likawa linapanda mto kidogo kidogo hadi linafika mahali ambapo hakuna aliyechimba. Mmomonyoko huo unaorudi nyuma ndio sababu nyumba inayoanguka Nyakabiga inaweza kuwa imeangushwa na lori lililopakia mchanga mitaa ya chini, na mwenye nyumba asimjue aliyemdhuru. Sakafu inapoteremka, kitako cha gabioni hubaki kinaning'inia hewani. Kasha la chini hubinuka kuelekea mtoni, waya wa kasha la pili huvutika, mawe hujikusanya upande mmoja na kufanya tumbo mbele, na udongo ulioshikiliwa nyuma hupata mlango. Usiku mmoja wa masika unatosha kumaliza kazi iliyoanzwa na karai.

Wapo wanaofanya jambo baya zaidi, nalo ni kukata waya kwa koleo ili wachukue mawe ya ndani, kwa kuwa mawe hayo tayari yamechaguliwa na yana umbo zuri la msingi wa nyumba. Waya uliokatwa katika tundu moja haubaki tundu moja, maana mawe yenyewe huusukuma ukapanuka, na kasha lililopoteza mawe hupoteza uzito, ambao ndio uliokuwa nguvu yake. Kuiba mawe ya gabioni ni wizi wa mali ya umma, na anayeyanunua anashiriki wizi huo hata kama hajawahi kukanyaga mtoni.

Haisemwi hapa kwamba wachimbaji ni watu wabaya. Wengi wao ni vijana wasio na kazi nyingine, wanaolipwa kwa safari ya lori, na mchanga wao umejenga sehemu kubwa ya jiji hili, zikiwemo nyumba za wale wanaowalaani. Kwa hiyo jukumu linaanzia kwa mwenye kujenga: anapoagiza mchanga na kuletewa kwa bei ya chini kupita kawaida, aulize umetoka wapi. Uchimbaji unaruhusiwa penye kibali tu, na kibali kina mipaka ya mahali, na mahali hapo si chini ya ukuta wa Ntahangwa. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji yaliyoshuka kutoka milimani yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Walioona siku hiyo hawahitaji kuelezwa kwamba korongo linalokauka wakati wa kiangazi linaweza kurudi kudai njia yake.

Takataka, vibanda na mita 25

Ukuta unaopumua kupitia mawe huzibwa na takataka. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku kwa amri ya 2018 iliyoanza kutekelezwa 2020, bado huonekana imejibana kati ya mawe pamoja na matambara na mabaki ya jikoni, na mahali ilipojibana maji hukosa pa kutokea. Kumwaga takataka korongoni baada ya kusafisha uani ni kuhamisha uchafu kutoka mlango wa mtu hadi mlango wa ukuta unaomlinda, tena ni jambo la aibu pale linapofanywa na watu waliotoka kwenye kazi za jamii za Jumamosi.

Wanaouliza kama watapewa vibanda vya chakula au vinywaji kando ya njia ya matembezi waelewe kwamba masharti ya vibali hutolewa na ofisi ya komuni, na kwamba hakuna mtu wala chama kinachoruhusiwa kuuza nafasi hizo mapema. Huko Zanzibar, bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan, wauza chakula walirudi kwa utaratibu. Kuhusu hati za viwanja vilivyo ndani ya mita 25, kipimo hufanywa na wapimaji wa serikali. Hatua za miguu zilizohesabiwa na jirani si kipimo, na mwenye hati aende nayo katika ofisi ya ardhi.

Dalili za kuangalia kabla ya masika

Mvua kubwa za Machi na Aprili hazitoi taarifa, ila ukuta hutoa. Nyufa ardhini zinazokwenda sambamba na ukingo, tumbo linalojitokeza katika kasha la gabioni, waya uliokatika, kitako kinachoonekana kikiwa juu ya sakafu ya mto ilhali zamani kilikuwa kimefukiwa, na maji machafu yanayotoka nyuma ya ukuta mahali pamoja tu, ni dalili zinazotakiwa kupelekwa siku hiyo hiyo kwa nyumbakumi, naye azifikishe kwa mkuu wa mtaa na kwa Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, inayojulikana kama OBPE. Mkazi asijaribu kuziba tundu kwa mawe ya mtoni wala kumwaga zege juu ya gabioni, kwa kuwa zege hufunga njia ya maji na kuongeza msukumo wa nyuma. Ambaye nyumba yake ina ufa unaopanuka, tena iko karibu na genge, ahamishe watoto na wazee kabla ya kuhamisha vyombo, na asilale humo usiku wa mvua hata kama ukuta ulio mbele yake unaonekana mzima kwa juu.