Tetesi, uvumi, taarifa: habari za ugonjwa husafirije?

Somo la kusoma nyumbani, mzazi na mtoto kwa pamoja. Darasa la wakubwa wasome lote. Wadogo wasomewe sehemu ya Kagera na ile ya Zanzibar.



Juma hili tuna maneno manne ambayo watoto wetu wengi huyachanganya: tetesi, uvumi, taarifa na tangazo. Yote yanahusu habari, lakini hayana uzito mmoja. Tetesi ni habari inayosemwa chinichini, bado haijathibitishwa. Uvumi unatokana na kitenzi kuvuma. Upepo unavuma, ngoma inavuma, na habari nayo huvuma hadi kila mtu ameisikia na hakuna ajuaye ilianzia wapi. Taarifa ina mwenyewe. Yupo aliyeitoa na unaweza kumuuliza maswali. Tangazo ni taarifa iliyotolewa hadharani na mwenye mamlaka, kama vile waziri au rais.

Mara nyingi tofauti hizi ni jambo la sarufi tu. Ugonjwa wa kuambukiza unapozuka, zinakuwa jambo la uhai wa watu. Tutajifunza kwa habari ya kweli.

Kagera, Januari 2025

Kagera ni mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na upande wa mashariki kuna Ziwa Victoria. Ni nchi ya ndizi na kahawa (na senene, wenye asili ya huko wasije wakatulaumu kwa kuwasahau).

Tarehe 10 Januari 2025, Shirika la Afya Duniani, ambalo magazeti huliita WHO, lilipata habari kwamba huko Kagera kuna watu wanaougua na kufa, na kwamba huenda ni ugonjwa wa Marburg. Siku tatu baadaye likazijulisha nchi wanachama. Tarehe 14 likatoa taarifa kwa dunia nzima: watu 9 wanahisiwa kuugua katika wilaya za Biharamulo na Muleba, na 8 kati yao wamefariki.

Wizara ya Afya ya Tanzania ikajibu. Ilisema wataalamu wametumwa, sampuli zimechukuliwa na kupimwa maabara, na hadi tarehe 15 Januari hakuna aliyekutwa na Marburg. Kwa siku chache basi dunia ilikuwa na taarifa mbili zisizofanana, kila moja ikiwa na mwenyewe. Baba na mama wengi hapa London wanakumbuka simu za siku zile. Shangazi anasema kuna ugonjwa, binamu anasema hakuna kitu, watu wanazusha.

Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika kuwa na Marburg. Sampuli nyingine zilizopimwa hazikuwa na kirusi hicho. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Kwa hesabu ya mwisho, waliothibitishwa walikuwa 2 na wengine 8 walihesabiwa kuwa huenda waliugua ugonjwa huohuo. Wote kumi walifariki.

Wakubwa, hapa kuna jambo la kufikiri. Sampuli isipoonyesha kirusi, maana yake ni kwamba mtu yule, kwa siku ile, hakukutwa nacho. Si ushahidi kwamba kijiji kizima hakina. Ndiyo maana maneno "hakuna aliyethibitishwa hadi leo" na "hakuna ugonjwa" si kitu kimoja, na mwandishi wa habari akiyachanganya, anapotosha watu.

Marburg ni nini? Ni homa kali inayoanza ghafla, kichwa kikauma na mwili ukauma, kisha kuhara na kutapika, na wengine hutokwa na damu. Popo wala matunda hubeba kirusi chake bila wao kuugua. Mtu humwambukiza mwenzake kwa majimaji ya mwili, kwa hiyo walio hatarini zaidi ni wanaomuuguza mgonjwa na wanaomwosha maiti. Jina si la kwetu. Marburg ni mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushughulika na nyani wadogo walioletwa kutoka Uganda.

Kagera ilikuwa imeshaujua ugonjwa huu. Machi 2023 watu walianza kufa Bukoba Vijijini. Kwanza serikali ilisema ni ugonjwa usiojulikana, kisha tarehe 21 Machi ikatangaza jina lake. Waliougua walikuwa 9, waliofariki 6, na mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni kazi ilikwisha. Kwa maoni yangu kutamka "hatujui bado" hadharani ni ujasiri, na mara ile wizara iliuonyesha.

Njia ya taarifa

Taarifa huanzia chini. Mhudumu wa afya wa kijijini anaona nyumba moja imepata misiba miwili kwa juma moja. Anakwenda zahanati. Zahanati inamwambia Mganga Mkuu wa Wilaya, naye anamwambia wa Mkoa, na habari inafika Wizara ya Afya. (Watoto, neno mganga hapa si la mtu wa mitishamba. Mganga Mkuu ni daktari wa serikali.) Wakati huohuo wapo wanaotafuta waliotangamana na mgonjwa: aliyekula naye, aliyemfulia nguo, aliyempakia kwenye bodaboda. Hao hufuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu kirusi cha Marburg kinaweza kukaa mwilini muda huo kabla ya homa kuanza. Na ili mlipuko utangazwe kwisha, ni lazima zipite siku 42, yaani 21 mara mbili, bila mgonjwa mpya.

Kutoka wizarani habari inatakiwa kwenda WHO. Kuna sheria inayoitwa Kanuni za Afya za Kimataifa, iliyopitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Juni 2007. Nchi 196 zimeikubali, Tanzania, Kenya na Uingereza zikiwemo. Nchi ikishapima uzito wa tukio na kuona linaweza kuvuka mipaka, ina saa 24 kutoa taarifa. Kanuni za zamani zilitaja magonjwa machache tu kwa majina, kama kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Kisha mwaka 2003 ulikuja ugonjwa wa SARS, ambao haukuwa kwenye orodha yoyote, ukasambaa kwa ndege kutoka bara moja hadi jingine, na watu wakaona kwamba orodha haitoshi.

Jambo jipya kubwa zaidi katika kanuni hizi linahusu lile neno letu la kwanza, tetesi. Zamani WHO ilisubiri serikali iseme. Sasa inaruhusiwa kusikiliza habari kutoka kwingine, kwa madaktari, magazeti au mashirika, kisha iiulize serikali, "Je, hili ni kweli?" Serikali inatakiwa kutoa jibu la kwanza ndani ya saa 24. Wahenga wetu walishasema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ila wanaofanya kazi hii hawaishii kwenye methali. Wanapima sampuli.

Kwa nini nchi inyamaze?

Mtoto atauliza: kama kusema kunaokoa watu, kwa nini nchi ifiche? Swali zuri, na jibu lake si kwamba viongozi wote ni wabaya.

Mwishoni mwa 1997 kulikuwa na kipindupindu Afrika Mashariki. Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, na zuio likaendelea hadi katikati ya 1998. WHO ilieleza kwamba hatari ya kupata kipindupindu kwa samaki hao ni ndogo mno. Haikusaidia. Viwanda vya sangara na wavuvi wa ziwani walipoteza soko. Mvuvi wa Mwanza ambaye hakuugua wala hakumwambukiza mtu alilipia.

Karibu na siku zetu, Novemba 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waligundua aina mpya ya kirusi cha korona, ile iliyokuja kuitwa Omicron. Wakasema upesi na waziwazi, kama kanuni zinavyotaka. Haikupita siku nyingi, Uingereza na nchi nyingine zikafunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Wengi wao walihisi wameadhibiwa kwa ukweli wao, na ni vigumu kuwabishia.

Lakini kimya nacho kina bei. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Kimya kikaendelea kwa zaidi ya mwaka. Sisi tulio huku tulihesabu kwa simu za misiba. Januari 2021 Uingereza ilizuia wasafiri kutoka Tanzania isipokuwa raia na wakazi wake. Sababu iliyotajwa ilikuwa aina ya kirusi iliyoonekana kwanza Afrika Kusini, na nchi isiyo na takwimu haina cha kujitetea nacho. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Baada ya Rais Samia kuingia madarakani mwaka huohuo, takwimu zilianza kutolewa tena na chanjo ikazinduliwa mwezi Julai.

Kwa hiyo, wazazi, mkilizungumza hili mezani, msilifanye jepesi. Anayesema anaweza kuumia, na asiyesema anaweza kuumia zaidi, ila mara nyingi wanaoumia si walewale.

Daktari wa Zanzibar na kitabu cha London

Ukienda Soho, katika mtaa wa Broadwick, utaona pampu ya maji isiyotoa maji. Ni ukumbusho wa mwaka 1854, ambapo kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mitaa ile. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza watu walichota maji wapi, na mpini wa pampu ukang'olewa. Shule nyingi za hapa husomesha habari hiyo.

Isiyosomeshwa ni ya James Christie, daktari kutoka Scotland aliyefanya kazi Zanzibar. Kipindupindu kiliingia kisiwani mwishoni mwa 1869 na kikaua watu wengi sana mjini na mashambani. Christie alitaka kujua kimepita wapi. Hapakuwa na WHO wala simu. Akawauliza waliosafiri: wafanyabiashara wa misafara, mabaharia, wamisionari. Akaunganisha maneno yao hadi akaona njia: ugonjwa ulishuka kutoka bara, ukapita nchi ya Wamasai pamoja na misafara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Kitabu chake kilichapishwa hapa London mwaka 1876. Ukikisoma utaona kwamba jina kwenye jalada ni lake, lakini waliojua ugonjwa ulipopita ni wapagazi na wafanyabiashara, na wengi wao alizungumza nao bila kutuachia majina yao.

Christie aliandika pia juu ya ugonjwa mwingine, homa ya kuvunja viungo ambayo watu wa Zanzibar waliiita kidinga pepo. Aliamini kwamba jina hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi na huko likageuka kuwa dengue. Wataalamu wa lugha bado wanabishana. Leo Tanzania utasikia watu wakisema homa ya dengue au kidingapopo, na kama Christie alikuwa sahihi, basi neno limekwenda safari ndefu na kurudi nyumbani likiwa na pasipoti ya kigeni. Chikungunya haina ubishi mkubwa. Ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja kwa maumivu, na ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, huko Newala.

Kazi ya nyumbani

Wadogo: andikeni sentensi moja kwa kila neno: tetesi, uvumi, taarifa, tangazo. Chora njia kutoka nyumba ya mgonjwa hadi Dodoma.

Wakubwa: wewe ni Waziri wa Afya. Umeambiwa asubuhi kwamba watu wanne wamekufa katika kijiji kimoja, na majibu ya maabara yatatoka kesho kutwa. Andika tangazo la mistari minane la kusomwa redioni jioni hii. Usiseme usichokijua, na usinyamazie unachokijua.

Wazazi: mnaokwenda nyumbani likizo, mtoto akipata homa baada ya kurudi, pigeni 111 au mwoneni daktari, na mtaje mapema mlikotoka na tarehe mliyorudi, hata kama hamkuulizwa. Hapa Uingereza daktari anatakiwa kisheria kutoa taarifa ya magonjwa kadhaa, malaria na surua yakiwemo, na kwa malaria hasa hawezi kuanza kuishuku kama hajui mmetoka wapi.

Na wote: mpigieni simu bibi, babu au mzee yeyote wa ukoo. Muulizeni kwa adabu, baada ya shikamoo na salamu zote, ni ugonjwa gani wa zamani anaoukumbuka, kwao waliuitaje, na habari zake ziliwafikia kwa njia gani: redio, mbiu, msikitini, kanisani au kwa jirani. Andikeni jina la ugonjwa kama alivyolitamka, hata kama si Kiswahili sanifu. Leteni Jumamosi ijayo. Tutayabandika kwenye ramani ya Afrika Mashariki iliyo ukutani.