Maana ya Neno "Raka"

Katika Mathayo 5:22 Bwana Yesu atuonya tusimtukane ndugu. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yatumia neno "kumfyolea", yaani kumtukana kwa dharau. Lakini katika Kiyunani limeachwa neno lenyewe lililokuwa vinywani mwa watu: Raka. Neno hili ni la Kiaramu, lugha ya Wayahudi wa siku zile. Maana yake ni tupu, yaani mtu asiye na kitu kichwani. Nasi twalifahamu tusi hili, maana kwetu pia mtu huitwa debe tupu.

Tutazame asili yake. Katika Kiebrania jamaa ya neno hili ni "rek". Katika Waamuzi 9:4 laonyesha watu ovyo walioajiriwa na Abimeleki. Katika Mwanzo 37:24 laonyesha shimo alimotupwa Yusufu: shimo tupu, lisilo na maji. Angalieni mambo yalivyofuatana. Kwanza ndugu zake walimchukia, hata wasiweze kusema naye kwa amani. Kisha wakafanya shauri la kumwua. Mwisho wakamtupa shimoni, wakamwuza. Ndiyo sababu Bwana aliweka tusi chini ya amri ya Tano, Usiue. Naye Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kwamba mtu aweza kuua kwa mkono, kwa moyo, na kwa kinywa pia.

Je, tusimkemee mkosaji? La, sivyo. Bwana mwenyewe aliwaita Mafarisayo wapumbavu (Mathayo 23:17), akiwaonyesha kosa lao wazi. Kuonya ni kazi ya upendo. Bali kumwambia mtu kwamba si kitu ni kumdharau Muumba wake. Walimu, tujihadhari hasa. Mwanafunzi ashindwaye kukariri amri, akiitwa kichwa kitupu mbele ya wenzake, atajifunza kuliogopa darasa, wala hatajifunza amri.

Tena twasoma katika Wafilipi 2:7 kwamba Kristo aliuacha utukufu wake, akawa kama asiye na kitu, kwa ajili ya watu wote. Sisi ni nani, hata tumwite mtupu yule aliyenunuliwa kwa thamani hiyo? Basi, aliyekwisha kumwambia ndugu yake neno hili, asome Mathayo 5:23-24, akaende kupatana naye kabla ya kuleta sadaka yake.