Mazoezi ya Majini kwa Mama Wenye Magoti Mazito

Somo hili ni la akina mama wa umri mkubwa, na vilevile la vijana watakaowasindikiza.

Katika vikundi vyetu vingi, wanachama wa kwanza sasa ni nyanya. Mama aliyekuwa akibeba mtungi kichwani leo hapandi matatu bila kushikwa mkono. Kanisani hapigi magoti tena, anainama tu pale kwenye benchi. Ukimuuliza anakwambia, "Ni uzee, mwanangu." Ni kweli, lakini si uzee peke yake. Goti likiuma mtu hulipumzisha. Likipumzika sana, misuli inayolishika hupungua nguvu na kiungo hukaza. Siku akisimama linauma zaidi, basi anakaa tena.

Maji husaidiaje? Maji hubeba. Mama akisimama maji yakimfika kiunoni, miguu yake hubeba kama nusu tu ya uzito wake. Yakimfika kifuani, hubeba karibu theluthi moja. Goti lililokataa nchi kavu hukubali kukunjwa humo. Tena ukienda polepole maji hukupa njia, ukiharakisha yanakuwa mazito, kwa hivyo kila mmoja hujipimia kazi yake. Si lazima kujua kuogelea, maana miguu haiachi mchanga.

Sasa tuseme wazi: si hapa Kipevu. Hapa ni bandarini, meli za mafuta hufunga, chini ni tope na kina hushuka ghafla. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika Port Reitz na mikoko ikaharibika. Inaudhi kukaa kando ya bahari kisha ulipe nauli kwenda kutafuta bahari, lakini ndivyo ilivyo. Nendeni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, au Shelly Beach, Likoni. Huko kuna mchanga, na mwamba wa nje huvunja mawimbi.

Siku ichagueni kwa mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na kurudi kwa nguvu. Siku hizo ziacheni. Ngojeni maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Hapo maji hayakimbii sana, na Mombasa hujaa karibu saa nne au saa tano za asubuhi. Hata hivyo, mkifika muulizeni mvuvi kwanza. Kusi ikivuma sana, rudini nyumbani.

Vaeni suruali nyepesi na fulana. Leso ikilowa hujizungusha miguuni. Raba kuukuu hukinga nyayo na mawe na miiba. Ingieni wawili wawili mkishikana mikono, na msindikizaji asimame upande wa kina kirefu. Mwisho ni kifuani, asipite mtu hapo.

Anzeni kwa kutembea, hatua kumi mbele, kumi nyuma, halafu kwa ubavu kama kaa. Kisha shikaneni, inueni goti moja taratibu hadi karibu na nyonga, mlishushe, mara nane kila mguu. Peleka mguu nyuma ukiwa umenyooka, urudishe. Zungusha kifundo. Kwa mabega, chuchumaa kidogo maji yafike shingoni, ukifungua mikono na kuifumba kama anayefungua mapazia. Siku ya kwanza dakika kumi zatosha. Baadaye ongezeni hadi ishirini au thelathini. Kuvutwa kidogo kwa misuli ni kawaida. Maumivu makali, kizunguzungu, au kifua kubana, toka mara moja.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au sukari amwone daktari kabla. Mwenye kidonda asiingie. Na mwenye sukari atazame nyayo zake akitoka, kwa sababu anaweza kukatwa asihisi.

Kuna mama wengine hawataki hata kuyasogelea maji tangu Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa. Msimcheke, wala msimvute mkono. Huyo, pamoja na asiye na nauli, afanyie nyumbani: akae kwenye kiti kigumu, anyooshe goti, ahesabu tano, ashushe, kisha asimame na kukaa mara tano bila kushika kitu, akiweza. Hata waendao baharini wafanye hivi siku nyingine, kwani mara moja kwa wiki haitoshi.

Mkikutana tena, zungumzeni haya: Ni mama gani kikundini ameacha kuja kwa sababu ya miguu, na nani atamtembelea? Nauli itatoka mfuko gani? Ni vijana gani wanaojua kuogelea, na je, wako tayari kuamka mapema?