Chanjo ya Mwenye Kunuia Haji

Msomaji mwenye jamaa Kericho au Bomet, katika nchi ya majani ya chai, na amfikishie haya: akinuia Haji asingoje kushuka Nairobi siku ya safari ndipo aulize chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Saudia yataka achanjwe siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili, kwani kinga haijengeki mwilini kwa siku moja.

Wako wasemao kuwa huo ni upungufu wa tawakkul. Nao hao kila usiku hufunga milango kwa komeo! Mwaka 2000 mahujaji walirejea makwao na kijidudu cha aina ya W135, kikawapata hata jamaa zao wasiosafiri. Baadhi yao walikuwa na cheti, lakini chanjo yao ilikinga aina A na C tu. Kwa hiyo tangu 2002 yatakiwa chanjo ya aina 4: A, C, W na Y. Basi na akisome cheti chake kabla ya kukitia mfukoni.