Meseji Si Pesa: Mwongozo kwa Wenye Maduka na Mawakala wa Haneti

Baada ya mavuno, wanunuzi wa alizeti, mtama na karanga wanapoingia Haneti, fedha nyingi hupita kwenye simu. Matapeli wanalijua hilo. Huja dukani wakati una foleni.

MBINU ZAO

Meseji ya uongo. Mteja anachukua dumu la mafuta ya alizeti, anabonyezabonyeza simu, na kwako inaingia meseji: "Umepokea Tsh 95,000." Ina namba ya muamala, ina hadi salio. Tazama juu: imetoka kwenye namba ya mtu, si kwa jina la huduma kama M-PESA. Na salio hilo si lako.

"Nimekosea kutuma." Anapiga akilia umrudishie. Usirudishe mwenyewe, mwambie awasiliane na mtandao wake.

"Napiga kutoka makao makuu." Anataka PIN, au anakuelekeza ubonyeze namba fulani. Kata simu. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inaeleza kuwa mtandao humpigia mteja kwa namba 100 tu, na PIN haiulizwi na yeyote.

Stika iliyobandikwa juu ya yako. Lipa namba inabaki ukutani, ila fedha inakwenda kwa mwingine. Ikague kila unapofungua duka, na mwombe mteja akusomee jina linalotokea kabla hajathibitisha.

KABLA HUJATOA MZIGO

• Fungua menyu, angalia salio mwenyewe. Mteja mwema hanuni kwa hilo.
• Mtandao ukisumbua, mzigo ubaki kaunta hadi fedha ionekane.
• Kijana anayekusaidia dukani afuate utaratibu huohuo, lakini PIN usimpe.
• Mteja akilipa kwa kadi, aingize namba ya siri mwenyewe. Usinakili namba za kadi kwenye daftari, na usitoe bidhaa kabla mashine haijakubali muamala.

UKITAPELIWA

1. Piga 100 papo hapo, uombe fedha izuiwe. Dakika chache zikipita, itakuwa imeshatolewa.
2. Tuma meseji ya tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli.
3. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, iripoti.
4. Nenda polisi. Usifute meseji wala rekodi ya simu. Ndiyo ushahidi wako chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.